Mwongozaji na Mwongozo: Amandina Lihamba na Suala la Nani Anashika Jukwaa

Kila jukwaa ni mahali pa madaraka. Mchezo wa kuigiza unapoonyeshwa, yuko mtu aliyeamua nani aseme na nani anyamaze, nani asimame mbele na nani abebe viti. Mtazamaji hamwoni mtu huyo. Anamwona mwigizaji, anamcheka au anamlilia, kisha anakwenda zake. Lakini mwenye kauli ni mwongozaji. Ndiyo maana mwigizaji anapoacha kuigiza na kuanza kuongoza, tusilichukulie jambo hilo kuwa ni kupanda cheo tu, kama karani aliyekuwa mkuu wa ofisi. Hatuna budi kuuliza: madaraka hayo aliyoyapata ameyatumia kwa manufaa ya tabaka lipi?

Katika nchi yetu swali hili linamhusu hasa Ndugu Amandina Lihamba, mwigizaji wa jukwaani na wa filamu, mwandishi, mwongozaji na profesa aliyefundisha Sanaa za Maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Makala haya hayakusudii kumpamba kwa sifa, maana wa kumsifu wapo wengi. Yanakusudia kuichunguza kazi yake kwa kipimo ambacho Chama chenyewe kilikitoa mwezi Februari 1971, yaani Mwongozo wa TANU, uliomtaka kiongozi asiwe na majivuno, asidharau watu wala kuwaonea, na ukasema kwamba maendeleo ya watu ni pamoja na wao wenyewe kushiriki katika kuamua mambo yao. Neno mwongozaji na neno Mwongozo ni watoto wa kitenzi kimoja. Ni haki kuyapima pamoja.

Kwa nini suala hili lizungumzwe na mkufunzi wa siasa aliye huku Ngonga, mbali na kumbi za Dar es Salaam? Kwa sababu huku ndiko vikundi vinakoundwa. Kila inapokaribia sherehe au ziara ya kiongozi, matawi huambiwa yaandae burudani. Vijana hukusanywa, hufundishwa shairi la kupokezana, huvalishwa fulana, na mtu mmoja hupewa kazi ya kuwaelekeza. Mtu huyo mmoja ndiye tunayemzungumzia.

Tuanze na historia kidogo. Ukoloni ulileta michezo ya kuigiza kama starehe ya mabwana, na katika shule chache ukaitumia kuwazoesha wanafunzi kutamka Kiingereza. Mwalimu Nyerere alipomfasiri Shakespeare akatupatia Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, alionyesha kwamba Kiswahili hakishindwi na jambo lolote. Hata hivyo jukwaa lenyewe lilibaki lile lile: watu wachache juu, wengi chini gizani. Wakati huo huo wananchi walikuwa na jukwaa lao ambalo halikuwa na pazia. Hapa Kyela wazee wanaijua ing'oma, na wanayajua mapenenga yenye tarumbeta za vibuyu na mwendo wa gwaride. Mapenenga ni ndugu wa mganda na malipenga yanayochezwa pande zote za Ziwa Nyasa, na ngoma za ukoo huo zilipata nguvu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, pale wananchi walipolitazama gwaride la mkoloni, wakalichukua na kuligeuza kuwa mchezo wao. Wakapeana vyeo, wakashindana kijiji kwa kijiji, na ndani ya nyimbo wakasema yale ambayo barazani yasingesemeka. Hiyo ni sanaa ya maonyesho, ingawa mkoloni aliiita vurugu za washenzi.

Baada ya Azimio la Arusha la tarehe 5 Februari 1967 sanaa ilipewa wajibu mpya. Washairi waliitwa kulieneza Azimio, na ngonjera za Mathias Mnyampala zikaingia katika kila shule. Haya yalikuwa mafanikio makubwa, kwani kwa mara ya kwanza mtoto wa mkulima alisimama mbele ya umma akazungumza juu ya unyonyaji kwa lugha anayoijua. Lakini ndani ya mafanikio hayo kulikuwa na ugonjwa ambao haujapona mpaka leo. Katika ngonjera nyingi mjinga huuliza, mwerevu hujibu, mjinga hukubali, wote hushangilia. Jibu limeandikwa kabla ya swali. Mkulima aliyeko uwanjani hapewi nafasi ya kusema kwamba jembe alilonalo limevunjika na jipya halijafika.

Ndugu Lihamba, aliyezaliwa Morogoro mwaka 1944, ni wa kizazi kilichokomaa katikati ya hali hiyo. Ni kizazi cha Ebrahim Hussein, aliyetupatia Kinjeketile mwaka 1969, na cha Penina Muhando, ambaye baadaye tulimjua kama Penina Mlama. Hao hawakuridhika na ngonjera wala na jukwaa la mabwana. Yeye aliingia katika sanaa kwa mlango wa uigizaji, na jambo hili si dogo. Mwandishi anaweza kukaa chumbani akawapenda wananchi kwa kalamu tu. Mwigizaji hawezi. Kazi yake ni kuuazima mwili wake kwa mtu mwingine: kutembea kama muuza samaki anavyotembea akiwa amechoka, kunyamaza kama mke anavyonyamaza mbele ya mume mkali. Anayejifunza kazi hiyo kwa dhati hujifunza kuwatazama watu kabla ya kuwasemea. Nadhani hapo ndipo ulipo ufunguo wa kazi zake zote zilizofuata.

Kitabu chake cha Hawala ya Fedha kilitoka mwaka 1980. Ni mchezo uliotokana na kisa cha Sembène Ousmane wa Senegali, kisa ambacho Sembène mwenyewe alikifanyia filamu ya Mandabi mwaka 1968 kwa lugha ya Kiwolofu. Mzee mmoja, maskini asiyejua kusoma, anapelekewa hawala na mpwa wake anayefagia barabara huko Paris. Ili apewe fedha anadaiwa kitambulisho. Ili apate kitambulisho anadaiwa cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Kila mlango una mtu wa kumdharau, na kila mwenye suti anamwibia kidogo. Mwisho fedha inaliwa yote na ndugu aliyesoma, anayevaa vizuri na kuzungumza kwa upole.

Uchaguzi wa kisa hiki ulikuwa na uzito wa kisiasa. Mwaka 1980 nchi ilikuwa imetoka katika vita ya kumng'oa Iddi Amin, sabuni na sukari vilikuwa adimu, na msururu mbele ya duka la ushirika ulikuwa jambo la kila siku. Katika hali hiyo urasimu haukuwa usumbufu tu. Ulikuwa njia ya tabaka dogo la maofisa kujinufaisha kwa kalamu na muhuri, bila kumiliki shamba wala kiwanda. Mwongozo ulikuwa umeliona tabaka hilo, na wafanyakazi waliogoma baada ya mwaka 1971 walikuwa wamelitaja kwa jina. Kumleta mzee wa Dakar mbele ya watazamaji wa Dar es Salaam ilikuwa kuwaambia kwamba ugonjwa huu si wa Mtanzania peke yake, ni wa dola yoyote iliyopata bendera bila kubadili namna ofisi inavyomtazama mtu aliyevaa kandambili. Msomaji wa Kyela aliyewahi kwenda mjini mara nne kufuatilia cheti cha kuzaliwa, na kila mara akaambiwa mhusika ametoka, atauelewa mchezo huu bila mkalimani.

Hata hivyo kitabu kina upungufu wake. Mzee ananyanyaswa kutoka mwanzo hadi mwisho, na mtazamaji anaondoka na huruma. Huruma ni mwanzo mzuri, lakini haimfundishi mtu namna ya kuungana na mwenzake aliye katika msururu ule ule. Tunaona maskini mmoja mmoja, kila mtu na karatasi yake mkononi. Kosa hili ni la kisa chenyewe kabla halijawa la mchezo, lakini anayechagua kisa anachagua pia mipaka yake.

Mwaka 1982 ukaja mchezo mwingine, Harakati za Ukombozi, alioutunga pamoja na Penina Muhando na Ndyanao Balisidya. Wanawake watatu walikaa chini wakaandika kitabu kimoja cha historia ya mapambano, tangu kuingia kwa wakoloni mpaka baada ya uhuru. Tukiache kwanza kitabu chenyewe tuangalie utaratibu wa kukiandika. Sifa ya utunzi katika ubepari ni mali ya mtu binafsi: jina moja juu ya jalada, mirabaha katika mfuko mmoja. Hapa majina ni matatu, na msomaji hawezi kusema huu ni mstari wa nani. Mchezo hautegemei shujaa mmoja. Ngoma, nyimbo na masimulizi ndiyo yanayobeba historia, na wananchi kwa jumla ndio wahusika wakuu. Kwa hiyo upungufu niliouonyesha katika Hawala ya Fedha ulijibiwa miaka miwili tu baadaye. Na jibu hilo ni la mwongozaji zaidi kuliko la mwandishi, kwa sababu ni jibu juu ya namna ya kuwapanga watu jukwaani. Kikundi cha Paukwa, alichofanya kazi nacho katika miaka hiyo, kilifuata njia hiyo hiyo ya kutunga kwa pamoja, na mchezo wao wa Ayubu wa mwaka 1984 unajulikana kwa jina la kikundi.

Lakini kazi inayostahili kuangaliwa kwa makini zaidi haikuwa ya kitabu. Katika mwaka 1982 na 1983 walimu wa Sanaa za Maonyesho wa Chuo Kikuu, Ndugu Lihamba na Ndugu Mlama wakiwa miongoni mwao, walikwenda Malya katika Mkoa wa Mwanza. Hawakubeba mchezo uliokwisha kuandikwa. Walikaa na wanakijiji, wakauliza matatizo yao ni yapi, wakayachambua pamoja nao, na wanakijiji wenyewe wakayageuza kuwa nyimbo, ngoma na maigizo. Onyesho lilipomalizika hapakuwa na makofi ya kuagana. Palikuwa na mjadala: tatizo tumeliona, nani anahusika, tufanye nini na tuanze lini?

Msomaji aliyezoea mikutano yetu ataona mara moja kwamba hapo mambo yamepinduliwa. Katika utaratibu wa kawaida mwongozaji anajua, waigizaji wanafuata, watazamaji wanapokea. Ni ngazi ile ile ya ofisini. Katika utaratibu wa Malya anayejua ni mwanakijiji, kwa maana tatizo ni lake. Mwongozaji anabaki na ujuzi wa aina nyingine: anajua namna ya kuuliza, namna ya kumfanya mwoga aseme na msemaji sana atulie, namna ya kutazama tukio moja la nyumbani mpaka uhusiano wake na uchumi wa kijiji uonekane. Uongozi unabaki, na unahitaji nidhamu kubwa kuliko ule wa kupiga filimbi. Wako wanaodhani kwamba kuwashirikisha wananchi ni kuwaachia wafanye watakavyo. La hasha. Mkutano usio na mwenyekiti hutekwa na mwenye sauti kubwa, na mara nyingi mwenye sauti kubwa ndiye mwenye ng'ombe wengi.

Mwaka huo huo wa 1982 lilitokea jambo jirani ambalo hatuna budi kulitaja. Katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, Limuru, nchini Kenya, wakulima na wafanyakazi walikuwa wamejenga jukwaa lao wenyewe, na mwaka 1977 walionyesha mchezo wa Ngaahika Ndeenda ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ na kuongozwa na Kimani Gecau. Wanakijiji waliusahihisha mchezo huo wakati wa mazoezi, wakauongezea maneno na nyimbo. Serikali ya Kenya iliuzuia mwezi Novemba mwaka huo huo, na mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Mwezi Machi 1982 polisi walikwenda kulibomoa jukwaa lenyewe. Wakati dola ya kibepari ilikuwa inavunja mbao za wanakijiji, walimu wa chuo kikuu cha umma huku kwetu walikuwa wanakwenda kijijini kwa mshahara wa umma kuwasaidia wanakijiji waseme. Tofauti hiyo ni kubwa na inatokana na tofauti ya siasa.

Isitupumbaze lakini. Jukwaa linaweza kubomolewa kwa tingatinga, na linaweza pia kufa kwa kuachwa. Mradi wa Malya haukufanywa kuwa utaratibu wa nchi. Chama kilikuwa na matawi mpaka ngazi ya nyumba kumi, kilikuwa na makada na vyuo. Chombo gani kingefaa zaidi kuisambaza njia hiyo? Hakikuisambaza. Kilipendelea vikundi vya kupokea wageni. Mwaka 1985 Ndugu Lihamba alihitimu shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, kwa utafiti juu ya siasa na sanaa za maonyesho Tanzania baada ya Azimio la Arusha mpaka mwaka 1984. Tazameni kinaya chake: ilibidi Chama kisomwe Leeds ili kazi ya sanaa zake ichambuliwe kwa kina.

Mwaka 1985 ndipo pia alipoonekana katika filamu ya Arusi ya Mariamu, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge wa Tanzania na Ron Mulvihill wa Marekani. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994, na Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1968, haikuwa na uwezo wa kutoa filamu nyingi. Kwa hiyo mwigizaji wetu wa filamu wa enzi hizo hakuwa nyota wa magazeti. Alikuwa mwalimu aliyeazimwa kwa wiki kadhaa na kurudi darasani. Filamu hiyo inahusu mwanamke mgonjwa na mvutano kati ya hospitali na mganga wa jadi. Filamu ya pili, Maangamizi, iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill na kutolewa mwaka 2001, inakwenda mbali zaidi. Ndiyo filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kushindania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Ndugu Lihamba anaigiza kama Samehe, mwanamke aliye katika hospitali ya wagonjwa wa akili, ambaye hajatamka neno kwa miaka mingi. Daktari Mmarekani mweusi, Asira, aliyeigizwa na BarbaraO, anakuja kumtibu. Kati yao anaingia Maangamizi, bibi wa kale wa mizimu, aliyeigizwa na Mwanajuma Ali Hassan.

Wanamapinduzi wengine wameziona filamu hizi mbili kwa jicho la mashaka, na hoja yao ina msingi. Wanauliza: tumepigana miaka mingi na uchawi na ramli, vijiji vimegawanyika, vikongwe wameuawa kwa kushukiwa, leo mwalimu wa chuo kikuu anatuonyesha kwamba daktari hajui na mzimu ndio unaojua? Huku Kyela, ambako kifo cha ghafla hakikosi kutafutiwa mtu, hoja hii siyo ya mzaha. Mimi nakubaliana nayo kwa nusu. Arusi ya Mariamu inawaachia waganga nafasi pana bila kuuliza wanajipatiaje riziki, na suala la nani anafaidika na hofu ya mgonjwa halikupaswa kuachwa nje. Kuhusu Maangamizi siafiki. Filamu ile haisemi juu ya dawa. Inasema juu ya kumbukumbu. Jina lenyewe ni lile ambalo wengi wanalitumia kuutaja msiba wa utumwa na ukoloni, na yule bibi ni historia ambayo daktari wa ng'ambo na mgonjwa wa hapa wote wameibeba bila kujua. Mtu aliyenyang'anywa historia yake huwa bubu. Hiyo ni siasa, tena iliyo sahihi. Ninachokilalamikia ni kwamba sehemu kubwa ya mazungumzo ni ya Kiingereza, hivyo bibi wa Ikolo au wa Lusungo, ambaye hadithi ni yake, atahitaji mjukuu wa kumtafsiria.

Uigizaji wenyewe ni wa kiwango cha juu. Kuigiza mtu asiyesema ni kazi ngumu kuliko hotuba. Samehe wa Ndugu Lihamba hapepesi macho kutafuta huruma wala hatikisi kichwa kama vichaa wa vichekesho vyetu. Amekaa tu, na mtazamaji anatambua kwamba ndani mle kuna mtu aliyekataa kusema kwa kuwa hakuna aliyemsikiliza. Aliyeongoza watu wa Malya waseme alijua ukimya una uzito gani.

Tangu mwaka 1996, kabla filamu hiyo haijatoka, yeye na Ndugu Mlama walikuwa wamekwisha kuanzisha mpango wenye jina lililo kinyume kabisa cha ububu huo: Tuseme. Ulianzia katika shule za sekondari, na njia yake ni ile ya Malya iliyopelekwa kwa wasichana. Wasichana wanataja yanayowazuia kusoma, kama kazi za nyumbani zisizowapata kaka zao, kunyanyaswa na wanaume, mimba, na walimu wanaowaambia hisabati si yao. Wanayachambua, wanayaigiza mbele ya shule nzima, walimu wakiwemo, kisha wanapanga hatua za kuchukua. Shirika la FAWE liliuchukua mpango huo na kuupeleka katika nchi nyingine nyingi za Afrika.

Afikirie msomaji maana ya msichana wa kidato cha pili kusimama mbele ya mkuu wake wa shule na kuigiza jambo ambalo mwalimu mmojawapo anajua linamhusu. Hakuna ngonjera iliyowahi kufika hapo. Na tusijidanganye kwamba yaliyosemwa yalisikika haraka. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule na mlango ukafungwa nyuma yake, huku kijana au mtu mzima aliyempa mimba akiendelea na shughuli zake. Ni mwezi Novemba 2021 ndipo Serikali ilipotangaza kwamba wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu hiyo waruhusiwe kurudi katika shule za kawaida. Tangu Tuseme ianze hapo pana miaka 25. Mapambano ya fikra huchukua muda, hata ndani ya nchi ambayo Chama chake kilijenga msingi wake juu ya usawa wa binadamu wote.

Sasa nifike penye lawama. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980, hasa baada ya mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, fedha ya umma ya utamaduni ilipungua sana. Njia ya Malya haikufa, ila ilipata mlipaji mwingine. Wafadhili wa nje waliipenda. Walikuja na miradi ya maji, ya mazingira, ya ukimwi, wakataka maigizo. Pole pole utaratibu ukageuka: swali la kwanza, lile la kuuliza wanakijiji tatizo lenu ni lipi, likaanza kujibiwa mjini kabla gari halijaondoka. Kikundi kikilipwa kuigiza juu ya vyandarua hakiwezi kuigiza juu ya bei ya kokoa, hata kama jambo linalowanyima wanakijiji usingizi ni bei ya kokoa. Hii ni ngonjera ile ile iliyobadilishiwa nguo. Jibu limekuja tena kabla ya swali, tofauti ni kwamba awali lilitoka katika idara ya Serikali na sasa linatoka Ulaya.

Ndugu Lihamba na wenzake hawawezi kukwepa sehemu yao katika jambo hili, kwani wanafunzi waliowafundisha ndio walioajiriwa katika miradi hiyo. Walitoa mbinu vizuri sana, lakini hawakuweka ulinzi wa kutosha juu ya mbinu hiyo ili isitumike bila shabaha yake. Hata hivyo lawama kubwa si yao. Wakati wao walikuwa wanatafuta mafuta ya gari kwa wafadhili, Chama kilikuwa na fedha za sanaa na kilizitumia. Baada ya mfumo wa vyama vingi kurudishwa mwaka 1992, kundi la Tanzania One Theatre likiongozwa na Kapteni John Komba lilijaza viwanja nchi nzima. Komba, mwana wa mwambao huu huu wa Nyasa kwa upande wa Mbinga, aliyefariki mwaka 2015 akiwa mbunge, alikuwa mwimbaji mwenye kipaji kikubwa na uwezo wa kuamsha umati kwa sentensi moja. Kazi yake ilishinda kura. Lakini kura zikishahesabiwa, mwananchi hubaki na maswali, na kundi la uhamasishaji halikuundwa kwa ajili ya kuyasikiliza. Chama kilichokuwa na Komba kilihitaji pia kuwa na Malya. Kikachagua kimoja, na mwaka huo wa 1992 ulikuwa ndio mwaka Ndugu Lihamba alipotoa Mkutano wa Pili wa Ndege, mchezo ambao makada wengi hawakuusoma.

Nirudi Ngonga, maana nadharia isiyofika kwenye tawi ni hewa. Vijana wetu wanaojiunga na vikundi wameona filamu nyingi za simu na santuri za kibongo, na wengi wanataka kuwa nyota. Si dhambi. Nyota naye ni mfanyakazi. Lakini anayewaongoza asianze kwa kugawa majukumu ya bosi, mke na mchawi, kama inavyofanyika kila mara. Aanze kwa kuwapeleka penye watu: kwenye mzani wa mpunga wakati wa mavuno, mahali ambapo debe la mnunuzi ni kubwa kuliko debe la halali, ufukweni asubuhi nyavu zinapovutwa, msibani, ambako huku kwetu ngoma na kilio vimekaa pamoja tangu zamani na wanawake husema waziwazi yale ambayo siku nyingine wanayameza. Wakitoka huko wakae chini, kila mmoja aigize alichokiona bila kuambiwa maneno. Ndipo mwongozaji aulize: debe hili kubwa nani alilitengeneza, na kwa nini mkulima analikubali?

Onyesho la namna hiyo lifanyike penye mzani wenyewe siku ya gulio, si uwanjani siku ya mgeni, na viongozi wa kata na wa ushirika waalikwe wakae chini pamoja na wengine. Likimalizika pasiwe na neno la shukrani kutoka meza kuu. Anayetaka kusema anyooshe mkono, na wa kwanza kupewa nafasi awe mwanamke aliyeleta gunia.